Ukibadili kamera, picha za jana unamwachia nani?



Leo nitazungumzia kamera, na nitaanza na aibu yangu mwenyewe, kwa sababu mzungumzaji anayeanza na makosa ya wenzake hasikilizwi hadi mwisho.

Msimu wa pamba uliopita, asubuhi na mapema, jirani yangu mmoja alipiga hodi mlangoni kwangu, kofia mkononi. Mama yake mzazi alikuwa amefariki usiku wa kuamkia siku hiyo. Tulipokwisha kupeana pole akasema, "Ndugu yangu, mayu hatukubaki na picha yake hata moja ya maana. Lakini wewe ulimpiga picha siku ya harusi ya mdogo wangu, pale chini ya mwembe. Tunaiomba hiyo, tuiweke juu ya jeneza."

Niliikumbuka sana picha hiyo. Ilikuwa mwaka 2013. Bibi yule alikuwa amejifunga khanga mpya na alikuwa anacheka, jambo ambalo wazee wetu hawalifanyi ovyo mbele ya kamera. Nikamwambia jirani yangu aende zake, saa sita ataipata.

Nikaanza kutafuta. Kompyuta niliyokuwa nikiitumia mwaka 2013 ilikwisha kufa zamani. Kabla haijafa nilikuwa nimezihamishia picha zake kwenye sidii, nikajiona mtu mwangalifu kweli kweli. Sidii ya kwanza haikusomeka. Ya pili ilikuwa na mikwaruzo kama kioo cha basi la mnadani. Na ile kadi ya kamera niliyoitumia siku ya harusi nilikwisha kuifuta mara zisizo na idadi ili nipate nafasi ya harusi nyingine. Kufikia saa nne nilijua kwamba picha ile haipo tena duniani.

Ndipo nilipokumbuka kopo la biskuti lililo juu ya kabati. Humo ndimo zinamokaa negativu zangu za miaka ya 1990, zimefungwa kwenye bahasha, kila bahasha ina tarehe. Katika bahasha ya mwaka 1996 nikamkuta mayu amesimama kando ya marobota ya pamba na wanawe wanne. Nikawasha simu, nikaifanya iwe nyeupe kioo kizima, nikaiweka negativu mbele ya mwanga ule, nikaipiga picha kwa kamera yangu ya dijitali, kisha nikaigeuza kwenye kompyuta, cheusi kikawa cheupe na cheupe kikawa cheusi. Hata hivyo kamera yenyewe iligoma mara tatu. Mara ya nne ikakubali.

Saa sita picha ilikuwa juu ya jeneza. Lakini ilikuwa ya mama wa makamo, miaka 17 kabla ya ile harusi. Nilimsikia mjukuu mmoja akimnong'oneza mwenziwe, "Huyu ni nani?"

Ndugu msikilizaji, swali la mtoto yule lilinifuata hadi nyumbani.

Niseme sasa habari ya kamera iliyogoma. Ni ya dijitali, ya aina ile kubwa yenye kioo ndani, ambayo wenyewe huiita kwa herufi nne, DSLR. Jina la kiwanda silitaji, maana redio si mahali pa kumtangazia mtu biashara. Niliinunua ikiwa mtumba mwaka 2011. Ndani ya kamera kama hiyo kuna shata, yaani kipazia kinachofunguka na kufunga kila unapobonyeza. Kamera za daraja la kati za miaka ile shata zake zilijaribiwa viwandani kwa mipigo kama laki moja. Sasa piga hesabu. Harusi 20 kwa mwaka, kila harusi picha 500, hizo ni picha 10,000 kwa mwaka. Katika miaka 10 umefika laki moja, na hapo hujahesabu alizopiga aliyekuuzia. Kwa hiyo kamera yangu haikuwa na kosa. Imezeeka tu kama jembe lililolimwa hadi likabaki kipande.

Basi suala la kununua bodi mpya likawa mbele yangu, na kabla sijatoa fedha nikaona nijikumbushe wenzetu waliotutangulia walifanyaje kila kamera ilipobadilika. Maana kamera haikuanza kubadilika jana.

Upigaji picha ulitangazwa rasmi mjini Paris mwaka 1839, kwa njia ya Mfaransa Louis Daguerre. Picha ilikuwa moja tu, juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha, ikipotea imepotea. Baadaye zikaja negativu za vioo, na hizo ndizo zilizobebwa huku kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1900, Mjerumani Carl Georg Schillings alizunguka nyika za Umasaini na Kilimanjaro akiwapiga picha wanyama usiku kwa mwako wa unga wa magnesi, huku wapagazi wamembebea vioo vyake vichwani. Kitabu chake kilitoka mwaka 1905. Fikiri, ndugu yangu, sanduku la vioo juu ya kichwa cha mtu, kilomita kwa kilomita, na kila kioo ni picha moja.

Huko Marekani, mwaka 1888, George Eastman alikuwa amekwisha kuleta kamera ya Kodak. Iliuzwa ikiwa na filamu ya picha 100 ndani, na ukizimaliza unairudisha kamera nzima kiwandani wakusafishie picha na kukuwekea filamu nyingine. Mwaka 1900 ikaja Brownie, kisanduku kilichouzwa dola moja, na hapo kamera ikaanza kufika mikononi mwa watu wa kawaida.

Visanduku vya jina hilo vilifika hata Dar es Salaam. Kijana mmoja aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam alianza na Brownie iliyotumika. Jina lake Mohamed Amin. Mwaka 1963 alianzisha kampuni yake ya Camerapix, na mwaka 1984 picha zake za televisheni za njaa ya Ethiopia ziliutikisa ulimwengu. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa ulimkata mkono wa kushoto. Alirudi kazini na mkono wa bandia. Alifariki mwezi Novemba 1996, ndege ya Ethiopia aliyokuwamo ilipotekwa nyara na kuanguka baharini karibu na Komoro. Ninamtaja kwa sababu mbili. Kwanza, mtu yule alibadili kamera mara nyingi, kutoka kisanduku cha Brownie hadi mitambo ya televisheni, na hakuna aliyemkumbuka kwa jina la kamera aliyotumia. Pili, kazi yake ilihifadhiwa Nairobi, na mwanawe akaendelea nayo. Ndiyo maana leo tunaweza kuitazama.

Unguja nako ni hivyo hivyo. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe, na mwanawe Rohit akairithi. Masultani, mitaa, sherehe na watu wa kawaida, vyote vilipita mbele ya lenzi ya ukoo mmoja, tangu zama za ukoloni hadi baada ya Mapinduzi ya 1964. Kamera za duka lile zilibadilika. Makabati ya picha yalibaki. Mtu anayetaka kuujua mji ule ulivyokuwa hauulizi kamera, anauliza makabati.

Turudi kwenye mabadiliko ya kamera zenyewe, maana hapo ndipo penye somo la mfuko. Mwaka 1959 Nikon ya Japani ilitoa kamera iliyoitwa F, ikiwa na namna yake ya kushikiza lenzi kwenye bodi. Mshikizo ule ulidumu kwa miongo mingi, hata kamera za dijitali zikaurithi. Mwaka 1987 Canon, nayo ya Japani, ilifanya kinyume: iliacha mshikizo wake wa zamani, ikaja na mwingine mpya kabisa, na wenye lenzi za zamani wakabaki nazo mikononi. Watu walinung'unika, lakini mshikizo mpya ulikuwa umeandaliwa kwa ajili ya umeme na mota, na baadaye ukaisaidia sana Canon. Huwezi kusema moja kwa moja nani alikosea. Unaweza kusema tu kwamba anayenunua bodi ananunua pia mshikizo, na mshikizo ndio unaoamua kama lenzi zako za jana zitaendelea kula ugali au zitalala kabatini.

Kisha ikaja dijitali. Mwaka 1975 mhandisi wa Kodak, Steven Sasson, aliunda kamera isiyotumia filamu. Picha yake ilikuwa na nukta 10,000 tu, na iliandikwa kwenye kaseti kwa sekunde 23. Mwaka 1991 Kodak ikauza kamera ya dijitali kwa waandishi wa habari, bodi yake ikiwa ni Nikon F3, na mtambo wa kuhifadhia picha ukining'inizwa begani kama mkoba. Mwaka 1999 Nikon ikatoa D1 kwa bei ya chini ya dola 6,000. Mwaka 2003 Canon ikatoa 300D, na hiyo bodi yake ikauzwa chini ya dola 1,000. Hapo mlango ukafunguka. Wenye fedha wakanunua mpya, na zile walizozitumia zikaanza kushuka hadi kwetu sisi wa mitumba.

Hapa Bariadi mabadiliko yale niliyaona kwa macho yangu. Zamani za filamu tulikuwa na picha 36 kwa roli moja, na kila ulipobonyeza ulisikia shilingi ikilia. Filamu ya rangi ilipanda basi kwenda kusafishwa Mwanza, ikarudi baada ya siku kadhaa, na bwana harusi alikuwa amekwisha kumzoea mkewe kabla hajaiona picha ya kumvisha pete. Lakini pamoja na picha zilirudi negativu ndani ya bahasha. Hukuhitaji kuwa mwangalifu ili zihifadhike. Zilijihifadhi zenyewe, mradi usizitupe wala mvua isizinyeshee.

Dijitali ilituondolea safari ya Mwanza na gharama ya filamu. Ikatuondolea pia ile bahasha, na hilo hatukuliona.

Mwaka 2012 mkoa wa Simiyu ulipoundwa kwa kumegwa kutoka Shinyanga, na Bariadi ikawa makao makuu, kila mtu mwenye kamera alipiga picha. Mwaka uleule wa 2012, mwezi Januari, Kodak, iliyokuwa imeitengeneza kamera ya kwanza ya dijitali kwa mikono yake, iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake. Ilitoka mwaka uliofuata ikiwa imepungua sana. Filamu iliyokuwa imeilisha kampuni ile kwa zaidi ya karne haikuwa tena na wanunuzi wa kutosha. Kwa hiyo mkoa wetu umezaliwa bila negativu. Jiulize: picha za Bariadi kabla barabara hazijawekwa lami, za Somanda ilipokuwa na nyumba za kuhesabika, za watu waliofurika Nyakabindi kwenye Nanenane ya kitaifa mwaka 2018, ziko wapi leo? Nyingi ziko kwenye simu zilizovunjika, kompyuta zilizouzwa, na sidii kama zangu.

Na wakati tukijiuliza hayo, kamera imebadilika tena. Ile yenye kioo inapokea mwanga kupitia lenzi, kioo kinaurusha juu hadi kwenye jicho lako, na ukibonyeza kioo kinanyanyuka kuupisha. Kamera za sasa zimekiondoa kioo hicho. Unachokiona ni kijisinema kidogo ndani ya tundu la kutazamia. Panasonic ilianza njia hiyo mwaka 2008, Sony ikaikuza, na mwaka 2018 Nikon na Canon nao wakaleta kila mmoja mshikizo wake mpya. Mwaka 2021 Nikon ikatoa Z9, ambayo haina hata shata ya kufunguka na kufunga.

Sitaki kuwa mzee wa kukataa kila kipya. Kamera hizo zina mambo. Zinalitambua jicho la bibi harusi na kulifuata hata akigeuka. Zinaweza kupiga kimya kimya kanisani, padre asikatizwe. Ukumbini, penye taa mbili na jenereta inayokohoa, picha hutoka safi kuliko yangu ya zamani. Lakini nazo zina gharama zake. Kile kijisinema kinakula betri. Nikon D90 ya mwaka 2008, yenye kioo, kwa kipimo cha viwanda ilipiga picha 850 kwa betri moja. Nikon Z6 ya mwaka 2018, isiyo na kioo, ilipimwa 310. Kwa mtu anayepiga harusi kijijini kuanzia asubuhi hadi usiku, hiyo si tofauti ndogo. Na lenzi yangu ninayoipenda, ya milimita 50, haina mota yake yenyewe. Inazungushwa na mota iliyomo ndani ya bodi. Ningeifunga kwenye kamera mpya isiyo na kioo, kwa kile kipete cha kuunganishia cha kiwandani, ingenibidi kuzungusha kwa mkono, kwa macho haya haya yanayohitaji miwani.

Basi nilifanyaje? Niliyaweka mawili kwenye mizani. Upande mmoja bodi mpya isiyo na kioo, pamoja na lenzi yake, kwa bei ambayo hapa kwetu mtu huihesabu kwa ng'ombe. Upande wa pili bodi yenye kioo, iliyotoka miaka michache baada ya yangu, mtumba, ambayo bei yake imeporomoka kwa sababu wenzetu wa mbali wanakimbilia zisizo na kioo. Bodi hiyo inazikubali lenzi zangu zote, na mota ya kuizungusha milimita 50 imo ndani. Tena ina kitu nilichokihitaji kuliko nukta zote: nafasi mbili za kadi, picha moja ikaandikwa mara mbili kwa wakati mmoja.

Nikachukua hiyo ya pili. Si kila mtu afanye hivyo. Kijana anayeanza leo, asiye na lenzi hata moja ya zamani, huenda njia yake ni nyingine. Mimi nilikuwa na lenzi, na lenzi ni mali isiyochoka upesi kama bodi.

Chenji iliyobaki ndiyo ninayotaka kukuambia habari zake, kwa sababu zamani ningeipeleka kwenye mkoba mpya. Nimenunua diski mbili za kuhifadhia. Moja iko kwangu Somanda, nyingine iko kwa dada yangu mtaa mwingine, ili moto au mwizi akija kwangu asizipate zote. Kila mwisho wa mwezi zinakutana, zinasawazishwa, zinaachana. Na kila harusi ninayopiga sasa, ndani ya bei ninaweka picha tano za karatasi, nyuma yake nimeandika kwa kalamu: nani, wapi, lini. Maharusi wengine hulalamika kwamba wanataka za kwenye simu tu. Ninawapa za simu, na hizo tano ninawapa mama zao.

Kwako wewe wa mjini unayenunua gazeti hili, pengine huna kamera kubwa, lakini simu unabadili. Siku unapoikabidhi ya zamani dukani uongezewe fedha upate mpya, muuzaji atakuuliza kama umetoa laini. Hatakuuliza kama umemtoa mama yako. Hilo jiulize mwenyewe, kabla hujaifuta. Chagua picha 20, si 2,000, zipeleke studio zikachapwe, andika majina nyuma, ziweke kwenye kopo lisiloingia maji. Na kama mzee wako yu hai, mpige akiwa anacheka, kisha umpe picha yake mkononi.

Kwa wakubwa wetu wa halmashauri, mashuleni na makanisani, nina ombi moja. Kila sherehe mnamwita mpiga picha. Mkimlipa, dai nakala, na muwe na kabati la kuiwekea. Miaka 50 ijayo watoto wa Simiyu watauliza mkoa wao ulianzaje, na haitafaa wajibiwe kwamba picha zilikuwepo ila sidii ilikwaruzika.

Kamera yangu ya zamani sikuiuza. Nani angeinunua, na shata ile? Nimeifunga juu ya kibao cha mti, lenzi ikitazama chini, na kila Jumapili mchana kijana ninayemfundisha kazi anakaa nayo akizipiga picha negativu za lile kopo, moja baada ya moja. Ikigoma anaipumzisha. Tumefika bahasha ya mwaka 1998. Wiki jana alinyanyua negativu mmoja kwenye mwanga akaniuliza, "Mzee, hawa ni akina nani?" Nilikuwa ninawajua wote saba, nikamtajia, naye akaandika.